Makaburi ya Nje ya Seng'enge

Nilipokuwa bado sijaota meno ya ukubwani, nilikuwa nimeshajua kwamba kaburi halinyooshewi kidole. Cucu, mama yake baba, ndiye aliyetufundisha. Ukilinyooshea, kidole kinakauka kama kijiti. Ukisahau, unakiuma haraka kabla ubaya haujaingia. Basi sisi watoto tulielekezana kwa kidevu, na wakati mwingine tuliuma vidole bila sababu yoyote, tuwe salama tu.

Tulihitaji kuyajua hayo, maana tulikaa jirani na makaburi ya mji wa Nakuru, huko nje upande wa Rongai, palipokuwa na mashamba ya ngano siku za ukoloni. Ndani ya seng'enge walilala Wazungu, chini ya misalaba ya mawe. Nje, kwenye nyasi, walizikwa vibarua wa shamba na watoto wao, bila majina. Huko ndiko alikozikwa kifungua mimba wa Cucu, Wangari, aliyekufa kwa surua kabla baba hajazaliwa. Mimi nilipewa jina lake.

Miaka michache baada ya uhuru, mji ulikua na makaburi yakajaa. Asubuhi moja tukasikia tingatinga. Wakubwa wa mji walikuwa wametuma watu wasawazishe pale penye nyasi, papate kuzikwa watu wapya. Cucu alikuwa akipepeta maharagwe. Aliacha ungo pale pale, akanishika mkono, tukaenda karibu tukimbie.

Msimamizi alikuwa kijana mpole mwenye kofia ya kaki. "Nyanya, simama mbali, utaumia."

"Wangari, kaa nyuma yangu," Cucu aliniambia. Kisha akamgeukia. "Hapo kuna watu."

"Watu gani? Ramani inaonyesha nyasi tu."

"Watu wetu. Tuliwazika sisi wenyewe."

"Basi nionyeshe. Wako wapi hasa?"

Cucu akainua kidevu. Kijana akatazama huko, hakuona kitu. Cucu akainua tena.

"Nyanya, sielewi. Huku kote ni nyasi. Nionyeshe kwa mkono."

Mkono wa Cucu ulikuwa ndani ya shuka. Kisha akautoa, akanyoosha kidole, sawasawa, kuelekea kichaka cha leleshwa. Mimi nilifumba macho.

"Wangari yuko pale," akasema.

Kijana alinitazama, halafu akamtazama yeye. "Wangari si huyu?" aliuliza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mtoto wako huyu hapa, mzima kabisa."

"Si mimi," nikasema. "Ni yule mwingine." Lakini tingatinga lilikuwa linanguruma, na sauti yangu haikufika popote. Kijana alimpungia dereva mkono.

Cucu hakulia. Alisimama kidole kikiwa bado kimenyooka, mpaka kichaka kikang'oka. Nilimvuta mkono nikamwambia akiume, akiume upesi.

"Wacha," akasema.

Masika ya mwaka huo kidole kilivimba kwenye kifundo, kikapinda, hakikunyooka tena. Daktari alisema ni baridi yabisi, ugonjwa wa wazee, na baba akakubali. Mimi sijui nikubali lipi. Vidole vyake vingine vilibaki vizuri, akavifanyia kazi mpaka alipofariki.

Sasa nimempita Cucu umri aliokuwa nao siku ile. Kwa muda mrefu niliiogopa asubuhi hiyo kwa sababu ya kidole. Siku hizi kinachoniuma ni yule kijana. Hakuwa mbaya. Angekuwa mkatili tungemlaani, tukapumzika. Cucu alijua vizuri kitakachompata, akatoa alichokuwa nacho, na mwenzake hakujua kwamba amepewa kitu.

Juu ya Wangari yule wamelala wengine. Wana misalaba, wana majina, na jamaa zao huja Jumapili na maua. Nikipita huwasalimu, nao huitikia vizuri. Hawana habari, wala sijui ningeanzia wapi kuwaambia.