Nesi Aliyekataa Kiti

Wodini walimwita Hodi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, limeshonwa vizuri kifuani mwa gauni, lakini hakuna aliyehangaika kulisoma.

Hilo la Hodi alijitafutia mwenyewe. Vitanda vya wodi ya wanawake vilitenganishwa na mapazia, na manesi wengine walipokuja na beseni la maji walivuta pazia kama mtu anayefungua dirisha la jikoni. Yeye hapana. Aliweka beseni chini, akasimama nje ya pazia, akasema, "Hodi." Kisha akangoja. Mgonjwa akiitikia, aliingia. Asiyeweza kusema alingojewa vilevile, ndipo nesi akaingia huku akiomba radhi.

"Huyu hajitambui tangu jana," mwenzake wa zamu alimwuliza siku moja. "Unangoja akuitikie na nini?"

"Namngoja tu. Kitanda hiki kwa sasa ndiyo nyumba yake. Wewe ungependa mtu akuvamie chumbani umelala, nguo zimepanda?"

"Mimi ningependa kazi iishe."

"Itaisha, shoga yangu. Usiwe na wasiwasi, kesho itakuwepo nyingine."

Alikuwa nesi wa cheti, ngazi ya chini kabisa ya unesi wenye leseni. Juu yake kulikuwa na sista wa wodi, na juu ya sista kulikuwa na daktari. Kazi yake ilikuwa kuogesha wasioweza kuinuka, kuwageuza ili migongo isichubuke, kuwalisha, kufunga vidonda, kupima joto na presha na kumweleza sista alichokiona. Watu wa nje walijua moja tu: kwamba huyu ndiye anayebeba vyombo vya haja. Hayo mengine hawakutaka hata kuyasikia.

Kila asubuhi kabla ya kuvaa gauni alimwomba Mungu amlindie vitu viwili, mgongo na ulimi. Mgongo kwa sababu wagonjwa ni wazito. Ulimi kwa sababu ndugu za wagonjwa ni wazito zaidi.

Wakati huo kwenye kitanda cha pembeni alikuwa amelazwa mama mmoja mtu mzima aliyevunjika nyonga, fundi wa nguo, wote wakimwita Bibi Cherehani. Tangu aletwe alikuwa amegeukia ukutani. Hakula mpaka alazimishwe, hakusema na daktari wala na wanawe. Hodi alibisha penye pazia lake asubuhi baada ya asubuhi, akangoja, akajibiwa kwa kimya, akaingia, akamwogesha akianzia uso, sehemu moja ikifunuliwa nyingine ikifunikwa. Basi asubuhi moja akabisha, na kabla hajashusha pumzi sauti ikatoka ndani, kavu kama kitambaa kinachochanwa:

"Hodi, hodi, hodi! Kwani umeniletea mahari? Ingia, maji yanapoa!"

Hodi alicheka mpaka akamwaga nusu ya beseni. Siku hiyo alitembea wodini kama mtu aliyeshinda kesi. Bibi Cherehani akaanza kula, akaanza na kugombana, na manesi wanajua kwamba mgonjwa anayegombana yuko njiani kurudi kwake. Mtaalamu wa viungo akasema Jumanne angemsimamisha kwa mara ya kwanza.

"Nitasimama," bibi akasema, "ila huyu mpiga hodi awe ubavuni kwangu. Wewe kijana sikujui."

"Nitakuwepo, bibi," Hodi akaahidi.

Sasa tumzungumzie kaka yake, maana bila yeye Hodi asingekuwa hata na hilo gauni.

Baba yao alifariki Hodi akiwa bado anapoteza meno ya utoto. Kaka mtu akaacha shule, akaenda kubeba magunia kwenye ghala la nafaka ili mdogo wake asome. Alibeba mpaka mabega yakawa na sugu, akapanda kidogokidogo, akawa msimamizi wa ghala lilelile. Siku aliyopewa usimamizi alinunua tai, na tangu siku hiyo hajaonekana bila tai, hata katikati ya vumbi la mahindi. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bwana Tai.

Yeye alitaka mdogo wake awe daktari. Alama hazikufika huko, lakini zilifika kwenye ualimu, zikafika na kwenye uhasibu. Hodi akachagua unesi wa cheti. Bwana Tai akameza, akasema sawa, hiyo ni ngazi ya kwanza tu, utapanda. Miaka ikapita, Hodi akaolewa, akazaa, na ngazi ikawa ileile. Wenzake wengine walirudi shule wakawa masista, na aliwapongeza kwa moyo mweupe. Lakini aliona kwamba kila aliyepanda alikwenda kukaa na makaratasi, na yeye makaratasi hayakumwita. Kilichomwita kilikuwa nyuma ya pazia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada walikusanyika kwa mama yao kama kawaida. Bwana Tai alifika anang'aa, mkewe nyuma yake ameficha tabasamu kama mtu aliyebeba keki.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa chini. Leo kaa vizuri maana kesho utakaa vizuri zaidi."

"Kuna nini?"

"Kuna kiti!" Wifi yake alishindwa kujizuia. "Ofisi ya kuandikisha wagonjwa. Kina magurudumu, wifi yangu, kinazunguka!"

Bwana Tai akaeleza. Katibu wa hospitali walisoma naye zamani. Amemfuata, wameongea kiume, na agizo limeshatoka: kuanzia Jumatatu Hodi anahamia dirisha la kuandikisha wagonjwa. Feni juu, kioo mbele, mikono mikavu. Hakuna zamu za ovyo, hakuna uchafu wa watu.

Hodi akamtazama mama yake. Mama akatazama sufuria.

"Kaka, asante kwa kunifikiria. Ila hukuniuliza."

"Mtu anayezama huulizwa kama anataka kamba?"

"Mimi sizami. Ninaogesha."

Wifi akaguna. Bwana Tai akalegeza tai kidogo, dalili mbaya kwa waliomjua.

"Sikiliza. Mimi nimesimama maisha yangu yote chini ya magunia ili wewe ukae. Umenielewa? Nilisimama mimi, ukae wewe. Watu wananiuliza dada yako anafanya nini, nasema yuko hospitali, halafu naomba Mungu wasiulize la pili. Nimechoka. Ukikataa kiti hiki umenikataa mimi. Usiniite kaka tena, na mlango wangu uusahau."

Hodi alihisi machozi yakipanda, akayarudisha yalikotoka. Mtu aliyemlisha kwa mabega yake alikuwa anamwambia achague. Usiku ule mumewe, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilioa nesi. Wakiniletea karani nitamzoea, lakini si mimi niliyemwagiza."

Agizo la kazi ni agizo. Jumatatu Hodi akaenda kwenye kile kiti. Kilizunguka kweli. Mbele yake kulikuwa na kioo chenye tundu la duara, na kwenye tundu watu waliinama kutaja majina yao kama wanaoungama. Karani wa pembeni alikuwa mama mkarimu, akamwonyesha kila kitu, akamkaribisha na chai. Kazi haikuwa mbaya. Hodi aliliona hilo, na hakutaka kumdanganya Mungu wala nafsi yake: ilikuwa kazi safi ya halali, na yule mama aliipenda.

Kabla ya saa ya kula akaja mwanamume amemkumbatia mama yake mzee aliyeishiwa nguvu, miguu inaburuta, kanga inateleza. Hodi akainuka, mkono ukagonga kioo.

"Kaa, dada," karani akamwambia kwa upole. "Watakuja wenyewe wa kumbeba. Sisi huku ni jina, umri na anakotoka."

Akakaa. Akaandika jina, umri na anakotoka, huku akitazama ile kanga inavyozidi kuteleza na yule mama anavyojaribu kuishika kwa vidole visivyoshika. Mtu akaja kumbeba, ndiyo, lakini kanga ilikuwa imeshaanguka na watu wote wa foleni walikuwa wameshaona. Hodi akaweka kalamu chini. Akapanda ngazi mpaka kwa katibu wa hospitali.

"Umeshachoka leo hii hii?" katibu akamwuliza.

"Sijachoka, mheshimiwa. Naomba kurudi wodini."

Katibu akavua miwani. "Nina watu wanaolia hapa niwatoe wodini, na wewe unalia nikurudishe? Una ugomvi na kaka yako?"

"Sina. Nina wagonjwa."

"Wodi haitakuongeza cheo."

"Sijaja kuomba cheo."

"Huwezi kusema hukupewa nafasi. Kiti hiki hakitakungoja."

"Kipe mtu anayekitaka, mheshimiwa. Kuna watu kitawafaa kabisa. Mimi nikikaa pale nitakuwa nimemwibia mwenye kiti na nimemwibia mgonjwa, wawili kwa mpigo."

Katibu akainua simu, akampigia sista wa wodi. Sauti ya sista ilisikika mpaka mlangoni: "Mrudishe haraka, bwana! Huyu wa kitanda cha pembeni ametufukuza wote!"

Jumanne Bibi Cherehani alisimama. Alisimama akiwa amemshika Hodi shingoni kwa nguvu za mtu aliyekunja vitambaa vizito maisha yake yote, akalalamika sakafu ni baridi, akalalamika mtaalamu wa viungo anavuta vibaya, akapiga hatua, akalia, akakana kwamba analia. Kisha akarudishwa kitandani amechoka, na alipotulia akaomba chombo.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Hodi alikuwa anatoka nyuma ya pazia na chombo cha haja mikononi, kimefunikwa kitambaa, alipoiona tai. Bwana Tai alikuwa amesimama katikati ya wodi, jasho usoni, habari za kiti zimemfikia.

"Vua hilo gauni," akasema kwa sauti ya ghalani, "twende kwa katibu sasa hivi ukaombe radhi."

Ndugu za wagonjwa wakageuza shingo.

"Shikamoo, kaka," Hodi akasema. "Naomba unipishe, chombo kimejaa."

Bwana Tai alitazama chini, akaruka pembeni upesi kuliko alivyokusudia. Nyuma ya pazia mtu akaficha kicheko ndani ya kikohozi. Hodi akapita, akamwaga, akasafisha, akanawa mikono mpaka viwiko kama ilivyompasa, wala hakuharakisha. Akarudi akasimama mbele ya kaka yake.

"Umenivua nguo mbele ya katibu," Bwana Tai akasema, sauti sasa imeshuka. "Baada ya yote niliyokufanyia."

"Yote uliyonifanyia ninayo. Kila siku nikiinua mgonjwa nakumbuka nani alinifundisha kubeba. Lakini ulibeba magunia ili mimi nichague, kaka, na nimechagua. Hukubeba ili unichagulie. Ukinionea haya, sema hapa hapa mbele yangu, na mimi nitakujibu hapa hapa: mimi sioni haya. Namwosha mtu ambaye Mungu alimuumba kwa mikono yake, na wewe unataka nione mikono yangu ni mizuri mno kumgusa?"

"Basi mimi si kaka yako."

"Hilo haliko chini ya uwezo wako. Udugu si zamu, eti nitolewe mimi wiki hii aingizwe mwingine. Utafunga mlango, nitasalimia mlango. Utanipita njiani, nitakuamkia mgongo. Umri wako wote nitakuita kaka, uone kama utachoka wewe kwanza au mimi."

"Wewe mwenye tai!" Bibi Cherehani akaita kutoka ndani. "Huyo ana kazi. Kama unataka kugombana, njoo ugombane na mimi, mimi nimelala tu!"

Watu wakacheka, na Bwana Tai akakaa kwenye benchi kando ya mlango kama gunia lililowekwa chini. Alikaa pale. Akamwona mdogo wake akiingia nyuma ya pazia hili na kutoka nyuma ya lile, akifunga kidonda cha mmoja, akimlisha mwingine uji kijiko kwa kijiko, akiinua, akigeuza. Uso wake haukulainika. Alitazama tu, taya zimekaza.

Kengele ikalia. Hodi akamjia.

"Muda wa kuona wagonjwa umeisha, kaka. Na wewe pia, itabidi utoke."

"Unanifukuza?"

"Ninawatoa wote. Sista ni mkali."

Bwana Tai akainuka, akanyoosha koti. Mlangoni akageuka, bila kumtazama usoni.

"Jumapili kwa mama usichelewe. Na uje umevaa kama watu."

"Jumapili natoka zamu. Nitakuja na hili gauni."

Akafungua mdomo, akaufunga. "Chai itakuwa imepoa," akasema, akaenda zake.

"Nitainywa hivyo hivyo!" Hodi akamwitia kwenye korido, kisha akavaa glavu.