Nyumba Iliyotupokea Kalundu

Mwezi wa nane, upepo unapopita juu ya vilima vya mchanga wa migodi kusini mwa Johannesburg, nyumba zetu za Rosettenville hunuka vumbi kavu la manjano, harufu inayokaribia ile ya sarafu ya zamani. Hupenya chini ya mlango, hutua juu ya cherehani yangu na juu ya mapazia ya wateja. Kila asubuhi nafagia. Vumbi ninalolikumbuka ninapofagia ni jingine, jekundu, la njia ya Kalundu upande wa bandari ya Uvira, nilikokulia. Lile niliambiwa nina haki ya kulikung'uta miguuni.

Nilipokuwa mtoto, kanisa letu lilipata mwalimu mpya wa shule ya Jumapili, Mwalimu Elia, mtu wa mji wa Baraka, mwembamba, asiyecheka. Kati ya Pasaka na Pentekoste alitufundisha maisha ya mitume. Kila mmoja wetu alipewa mtume wake, akajifunza alikotoka, alikohubiri na alivyokufa. Petro alisulubiwa kichwa chini. Tomaso alichomwa mkuki India. Yakobo wa Zebedayo aliuawa kwa upanga. Dada yangu Neema alikuwa Filipo, mimi Bartolomayo, aliyechunwa ngozi akiwa hai. Baadaye, kwa kujisomea, nimejua kwamba ukimwacha yule msaliti, ni kifo cha Yakobo tu kilichoandikwa katika Matendo. Vingine ni mapokeo, na hata mapokeo hayakubaliani. Wakati huo hatukutofautisha. Tulivisema vifo vyetu kwa sauti moja, kama tunavyosema majina ya mito.

Mwisho wa majira hayo palikuwa na kutumwa. Watoto walitoka wawili wawili, bila mfuko, bila chakula, bila viatu, kwenda mtaa usio wao. Ukifika mlangoni unasema, "Amani iwe nyumbani humu." Wakikukaribisha, unakula wanachokupa na kuwaombea. Wakikufukuza, unakung'uta vumbi la miguu yako mbele ya nyumba ile na kuondoka, na Jumapili unatoa taarifa mbele ya kanisa. Mtaa wa kwenda uliamuliwa kwa kura, vijiwe ndani ya kofia, kwa kuwa mtume Mathiya naye alichaguliwa kwa kura. Kura haikupingwa. Sisi tuliangukiwa na Kalundu.

Mwalimu Elia alikuwa mgeni, hakujua. Wazee walijua, wakatazama sakafu. Baba yetu alikuwa ameondoka nyumbani kabla ya mvua za mwaka uliotangulia na alikuwa akiishi Kalundu kwa mwanamke mwingine. Mama alipoambiwa alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Alisema, "Kura ni kura," akaendelea kuchambua. Usiku ule alitufulia magauni.

Neema alikuwa na mpango, akanieleza njiani. Nyumba aliijua, siku moja alimfuata baba kutoka sokoni. "Akitukaribisha, tumeshinda," alisema. "Tutamwombea mbele ya yule mama, tutasema jina la mama yetu ndani ya maombi. Atarudi."

"Na akitufukuza?"

"Tunakung'uta. Kwa nguvu. Hadi majirani watoke."

Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana mwenye tumbo la ujauzito. Tukasema amani yetu. Alifurahi sana. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema, akaita ndani, "Njoo uone, tumeletewa mitume!" Baba alikuwa mezani. Alituangalia kama mtu anavyoangalia watoto wa watu. Yule mama alitunawisha mikono, akatuwekea ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Tulikuwa hatujala tangu alfajiri, tukala. Chakula kilikuwa kitamu, nasema ukweli.

Baba akanigeukia. "Wewe ni mtume gani?"

"Bartolomayo."

"Ulikufaje?"

"Nilichunwa ngozi."

"Pole," alisema, akaongeza mchuzi kwenye sahani yangu.

Neema aliomba. Hakutaja jina la mtu yeyote. Yule mama alisema amina kwa sauti, akatusindikiza hadi barabarani, akasema akijifungua binti angependa awe na adabu kama sisi. Alipogeuka, Neema aliinua mguu wa kulia. Uso wake ulikuwa mgumu. Nikamwambia, "Tumekula." Mguu ukabaki juu kidogo, kisha akaushusha. Sheria ilikuwa wazi: nyumba iliyokulisha imekupokea. Jumapili tulisimama mbele ya kanisa na kusema walitupokea vizuri, na kanisa likapiga makofi. Nyumbani mama aliuliza tulikula nini. Tukamwambia. Aliuliza kama ndagala walikuwa wabichi au wakavu. Hakuuliza zaidi, wala kumngoja baba hakumngoja tena. Kanzu ya baba iliyokuwa ukutani aliikata vitambaa vya kufutia.

Sikulia siku ile, na hata baba alipofariki, ujumbe uliponifikia hapa mwaka 2016, niliendelea kushona pindo nililokuwa nikilishona. Wahenga husema mwenye kovu usidhani amepoa. Labda. Mimi naona tu kwamba pale mahali hapaumi.

Hapa, kanisa letu la Wakongo na Warundi lilijaribu kutuma watoto mwaka 2017. Wazazi walikataa: mtoto atagonga geti la nani, mbwa wamle? Wakatumwa kutoka chumba kimoja cha kanisa hadi kingine, ambako shangazi zao walingoja na biskuti. Binti yangu Grace, aliyezaliwa hapa na anayenijibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini mitume hawakupiga simu kwanza.

Mwaka uliofuata, Agosti, geti liligongwa. Alisimama kijana mwenye vumbi hadi magotini, mikono mitupu. Begi lake alikuwa ameporwa njiani, mtaa wa Jeppestown. Watu wa kanisa walikuwa wamemwelekeza.

"Dada, wewe ndiye Bartolomayo?" aliuliza. "Mama yangu, yule wa Kalundu, alinituma. Alikuja kujua baadaye ninyi mlikuwa nani. Anasema ulikula kwake."

Alikuwa na paji la uso la baba. Grace alikuwa ametoka, amesimama nyuma yangu, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili, pole pole: "Mama, huyu ni nani?"

Nilijua jibu ambalo baba angelitoa: mtoto wa watu. Lilikuwa rahisi, na lingetosha.

"Ni mjomba wako," nilisema, nikafungua kufuli. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu, sikusikia. Nilimpa maji ya kunawa, nikampakulia. Asubuhi yake nilifagia vumbi la viatu vyake, la manjano kama la kila siku, nikalitoa nje pamoja na langu.