Mukonyo na Taya la Mzee Lesiamon

Mukonyo alikuwa mwanamke wa kupima. Nilifanya naye kazi miaka saba katika kliniki ya meno pale Kitengela, mimi Wamaitha nikiwa mapokezi na yeye chumba cha eksirei, na sikumwona hata siku moja akinunua leso bila kutoa futi yake mkobani. Wauza nguo walimchoka. Nikisema ukweli, hata mimi kuna siku nilimchoka.

Mwaka wa 2006 alikuja Mzee Lesiamon, mfugaji wa upande wa Isinya. Fahali alikuwa amempiga teke akamng'oa magego ya chini. Meno ya bandia aliwahi kuvaa, lakini yalimponyoka akinywesha mifugo, yakazama majini, na hakutaka kusikia habari zake tena. Sasa alitaka yale ya kufungwa kwa skrubu ndani ya mfupa wa taya.

Daktari Gakuru alimweleza hatari yake. Chini ya magego, ndani ya taya, unapita mshipa unaoupa mdomo hisia. Skrubu ikiugusa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi maisha yote. Mzee alijishika mdomo.

"Sasa mdomo ikikufa, ng'ombe nitaita na nini? Mimi huita na mluzi."

"Haitakufa, mzee," Mukonyo akamjibu. "Picha itatuonyesha mahali mshipa iko."

Mashine yetu ilimzunguka mgonjwa kichwa huku ameuma kijiti cha plastiki kwa meno ya mbele, ya juu na ya chini, ili taya litulie mahali pake. Kila picha ilitoka kubwa kuliko taya lenyewe, na daktari alikuwa na hesabu yake ya kupunguza. Kwa mzee alipata milimita kumi na tano za mfupa juu ya mshipa. Akaagiza skrubu ya milimita kumi na tatu.

Asubuhi ya upasuaji nilimsalimia mzee kwa Kimaasai changu kibovu, naye akacheka hadi kofia ikamdondoka. Mukonyo alikuwa akipita na faili. Akasimama ghafla, akimtazama kinywani. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo. Yaling'olewa utotoni, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa rika lake. Sote tuliliona pengo hilo kila alipokuja, na hakuna aliyelifikiria.

"Mzee, ile siku ya picha, kijiti uliuma na nini?"

"Na ya juu. Chini hakuna kitu, si nikasukuma taya mbele, nikainua kidevu, mpaka ikashika."

Mukonyo aliingia moja kwa moja kwa daktari, aliyekuwa akinawa mikono.

"Daktari, usimpasue. Ile picha si ya kweli, taya haikukaa mahali pake, hesabu yako ya kupunguza haiwezi kuifaa."

"Si wewe ndiye uliipiga?"

"Ni mimi. Nimekosa mimi."

Gakuru alikasirika kweli, na mimi niliogopa Mukonyo angepoteza kazi. Yeye hakungoja. Alivuka barabara hadi kwa Ngui, fundi wa baiskeli, akarudi na kigololi cha chuma. Akakipima: milimita tano kamili. Akakichemsha, akakibandika kwa nta pale palipong'oka magego, akajaza nta kwenye lile pengo la mbele ili mzee aume sawasawa. Kigololi kikitoka kikubwa kwenye picha, utajua picha imeongeza kiasi gani, bila kubahatisha.

Walipompiga picha nyingine na kupiga hesabu upya, mfupa ulikuwa milimita kumi na mbili. Skrubu ya kumi na tatu ingeutoboa mshipa.

Mukonyo alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Gakuru akairudisha ile skrubu kwenye kasha, akachukua ya milimita kumi. "Kuanzia leo," akasema kwa upole, "hakuna picha bila kigololi."

Siku hiyo mzee alirudi nyumbani mdomo ukiwa mzito kwa dawa ya ganzi, na hakuna aliyeweza kujua kama ganzi ingeisha au mshipa ulikuwa umeguswa. Kesho yake saa nne simu ililia. Nilimpa Mukonyo, nikabandika sikio langu karibu.

"Mama, nyinyi hamkuniambia nisinywe kitu moto!" mzee aling'aka. "Bibi yangu Soipan amenipa chai, imenichoma mdomo ya chini. Inauma vibaya sana!"

"Asante Mungu," Mukonyo akasema, machozi yakimtiririka. "Asante Mungu!"

Kisha tukamsikia mzee akimwambia mkewe, "Huyu mama anashukuru Mungu nimeungua."