Sufuria ya Mama Ilivyopata Uso

Habari za kifo chake nilizipata kwa dereva wa lori aliyesimama hapa Uyole kununua viazi. "Yule mzee wa vioo ametutoka," alisema, na viazi vyangu nikaviacha palepale. Wasomaji wangu wengi hamkumjua. Alikuwa fundi bati, mzaliwa wa Iringa, na ugali wake aliupata kwa kuziba ndoo na karai. Kazi aliyoipenda hasa ilikuwa kuunda sanamu kwa vitu tunavyotupa: vijiko, vifuniko vya magurudumu, vioo vya pembeni vya malori yaliyopinduka. Muuza vinyago vya mpingo mmoja mjini alimwambia takataka haigeuki kinyago. Yeye alicheka. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Lakini ngoja niwasimulie ya sufuria. Mama yake, kule karibu na Tosamaganga, alisifika kwa sufuria zake. Mnawajua wanawake wa huku: husugua sufuria kwa majivu na mchanga, ndani na nje, kisha huzianika uchanjani zimeremete, mpita njia ajue nyumba hii ina mwenyewe. Alipofariki hakuacha picha hata moja. Ndugu walipanga siku ya kugawa vyombo vyake, na sufuria kubwa ilijulikana kuwa ni ya binti yake. Fundi wetu, kaka mtu, hakungoja siku hiyo. Aliichukua, akaja nayo hapa Uyole alipokuwa akifanya kazi siku hizo, akaikata. Akaunda mwanamke aliyeketi, na mahali pa uso akaweka kitako cha ile sufuria, kimesuguliwa hadi unajiona meno.

Nilikuwepo dada yake aliposhuka kwenye basi. Kaka alimwamkia, "Kamwene." Dada hakuitikia, na kwa Wahehe kunyimwa salamu si jambo dogo.

"Umeikata sufuria ya mama?"

"Nimeikata."

"Vingine vyote niliwaachia, kaka. Niliomba hiyo tu. Basi kuanzia leo usinihesabu ndugu yako."

Haki ilikuwa upande wa dada, nasema wazi. Kaka akamwambia, "Iangalie kwanza, dadangu, ndiyo uende."

Dada aliinama, akajiona. Tangu utotoni watu walimwambia kwamba sura ya mama yake ameichukua yote. Alipitisha upindo wa khanga kwenye lile bati. "Mama asingeiacha na vumbi namna hii," alisema, akaomba majivu. Akapiga magoti akaisugua huku analia, na kaka yake akaenda kuchota maji. Jioni dada aliondoka nayo.

Siku hizi madukani kumejaa mabeseni ya plastiki. Ni mepesi, yana rangi nzuri, ila hata uyasugue vipi hayakuonyeshi mtu. Nimeyawaza hayo njiani nikitoka kumzika. Kule msibani, nyumbani kwa dada, sanamu ilikuwa mlangoni, imesuguliwa asubuhi ileile. Wazee walipogawa nyundo na mikasi ya marehemu, dada hakutaka kitu. Marehemu naye, kama mama yake, hakuacha picha. Dada alinishika mkono, tukainama pamoja mbele ya lile bati. "Mwone kaka," aliniambia, akigusa pua yake mwenyewe. "Pua hii ni yake." Nilimwona, wallahi, na machozi yakanitoka.

Basi, wasomaji wangu, mkikaa kugawa vyombo vya marehemu wenu, ulizeni kwanza ni nani atakayevisugua.