Nilivyoisugua Taa ya Lori kwa Majivu

Aibu hii nimeificha kwa wakwe na wajukuu miaka mingi, lakini kwa kuwa waliokuwepo bado wanaicheka, bora niiseme mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Tulikaa Ngokolo, hapa Shinyanga, miaka ile ya hamsini kabla ya uhuru, na mume wangu, Baba Kulwa, aliendesha lori la tajiri mmoja wa pamba. Masika yale lori liliingia mtoni huko njia ya Geita, maji yakapenya kwenye taa ya mbele ya kulia, ikawa kila asubuhi kioo kimejaa ukungu kwa ndani, matone yanateremka kama mtu mwenye homa, hadi ikabaki siku moja tu ukaguzi wa magari ufike. Lori likikataliwa, msimu unaanza na sisi tumekaa nyumbani. Basi Baba Kulwa akafungua skrubu, akatoa kioo na lile bakuli la ndani lililopakwa weupe wa kung'aa ili lirushe mwanga mbele, akavianika juani kwenye ungo, akaniambia vitakauka vyenyewe, nisiviguse, akaenda kulala.

Ukungu ulikauka kweli, ila bakuli lilibaki na madoa ya maji, na mimi (mnanijua) chombo chenye doa hakilali kwangu. Nikachota majivu, nikachukua gunzi la hindi, nikasugua kama ninavyosugua sufuria, weupe ukatoka, ikaja rangi ya manjano, nami nikafurahi, nikadhani chini ya uchafu kulikuwa na dhahabu kama ya Geita. Nikarudishia mwenyewe, skrubu ni moja tu. Baba Kulwa alipoamka akaona kioo kikavu, akalisifu jua. Nikanyamaza, nikitaka sifa zangu nizipokee mbele ya watu, ndiyo maana kesho yake nikapanda lori nami, eti nampelekea uji.

Taa zilipimwa ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa ili kuwe giza, madereva wamejipanga, tajiri yupo. Baba Kulwa akawasha. Kushoto ukuta ukawa mweupe. Kulia kikatoka kimwanga chekundu, dereva mmoja akauliza kama tunatafuta kuku aliyepotea, watu wakacheka (nami nilicheka, sikujua bado). Mkaguzi akafungua taa, tajiri akachungulia lile bakuli, uso ukambadilika.

"Hii si taa yangu. Umeuza yangu, umeniwekea chuma chakavu."

Hapo hakuna aliyecheka. Askari wa mlangoni akasogea. Baba Kulwa akaapa kwamba hajui kitu, na kweli hakujua, nami nimesimama na birika la uji.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeisugua kwa majivu."

Tajiri akasema mke lazima amkinge mumewe, na tangu lini majivu yakageuza taa. Askari alikuwa ameshamshika Baba Kulwa mkono. Nikatoka nje kwa mama muuza chai, nikachota majivu kwenye jiko lake bila hata kuomba, nikarudi, nikamwambia mume wangu afungue taa ya kushoto, ile nzima. Alijua ikiharibika na hiyo hasara ni mara mbili, lakini jina la mwizi nalo lisingemtoka tena. Akafungua, akanipa.

"Sugua, Mama Kulwa."

Nikapiga magoti mbele ya wanaume wote wale, nikasugua kwa pindo la khanga, nasikia tajiri anavyohema juu ya kichwa changu, mpaka manjano ikachungulia.

"Basi, mayu," askari akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, akamwachia Baba Kulwa mkono. "Tumeona."

Ndipo kicheko kikalipuka, ghala zima, hata mkaguzi, na lori likakataliwa kwa taa mbili badala ya moja. Pamba ya kwanza ilibebwa na wengine, sisi tukingoja taa kutoka Mwanza.

Tulirudi Ngokolo kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni ndipo akaniuliza, "Ulipoona manjano, hukushtuka?"

Nikamwambia nilidhani ndiyo usafi wenyewe.

Tangu siku ile, kitu nisichokijua sikigusi kabla ya kuuliza, hata kama wa kuulizwa ni mdogo kwangu. Na kuuliza huko, nisiwadanganye, kunaniuma mpaka leo.