Niliupaka Mtumbwi Rangi ya Majani Chai

Nilikosa mimi, si ziwa. Si nahodha wa feri. Wala si Shetani, ambaye mchungaji wetu alijaribu kumsingizia. Shetani hakushika brashi. Niliishika mimi!

Hebu sogea nikuambie, ila usicheke mpaka nimalize.

Huku kwetu karibu na Kapkatet tunapaka kila kitu kijani: lango, choo, hata banda la ng'ombe. Macho yetu yamelelewa na majani chai. Kwa hiyo nilipopata kayaki, kile kijitumbwi chembamba cha plastiki cha watu wawili, chekundu kama nyanya, niliona aibu. Nikakipaka kijani cha majani machanga yaliyonyeshewa alfajiri. Kilipendeza, jamani!

Chebet, mchumba wangu, alikizunguka akiguna. "Wewe, hiki kitu kikiwa majini nani atakiona?"

"Mambo ya rangi niachie mimi, mpenzi."

Ona mdomo huo!

Tulikipakia kwenye pikapu mpaka Ziwa Viktoria. Ziwa lilikuwa limefunikwa na magugumaji, kijani kitupu. Nikafurahi kama mpumbavu, nikaona niko nyumbani. Tukaingia majini, na manyunyu yalipoanza nikatoa aproni za plastiki tunazovaa tukichuma majani, nazo za kijani, tukazivaa juu ya majaketi ya kuelea. Majaketi yale ya manjano ndiyo pekee yaliyokuwa yakituonyesha. Nikayafunika ili tusilowe. Tusilowe! Ziwani!

Kisha feri ikatokea, kubwa kama kiwanda cha chai kilichong'oka kikaamua kutembea.

"Inakuja kwetu," Chebet akasema.

"Itatupisha. Si inatuona?"

Niliamini inatuona kwa sababu mimi nilikuwa naiona. Hiyo ndiyo akili niliyokwenda nayo majini! Nikapiga mluzi wa vidole, ule wa kuitana shambani wakati wa ukungu. Injini ikaumeza. Nikapunga kasia, nikapiga mayowe. Feri ilitupita ubavuni bila kupunguza mwendo, na wimbi lake likatupindua kama chapati.

Nilipoibuka, Chebet hakuwepo. Nilimwita Mungu kwa Kipsigis, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kibovu. Akaibuka upande wa pili, akilia, bega limevunjwa na ukingo wa mtumbwi.

Wavuvi walituvuta hadi ufuoni. Mmoja wao, mzee wa kipara, alinitazama mimi, kisha mtumbwi. "Omera, ndugu yangu, ulikuwa unajificha nani asikuone?"

Nikaivua aproni yangu ya kijani.

Mfupa uliunga vibaya. Hadi leo Chebet hawezi kubeba kikapu cha majani mgongoni. Wazee wetu walikuwa wakijiandaa kwenda kwao kumposa, akawaambia wasisumbuke. Nikaenda mwenyewe kuomba msamaha. Mama yake akaweka chai mezani, akatoka bila kuketi.

"Bega nimekusamehe," Chebet akasema taratibu. "Lakini nilikuambia mapema, ukanijibu kama mtoto. Nitaishi vipi na mtu asiyesikia mpaka maji yamwingie masikioni?"

Ungejibu nini wewe? Nilikunywa chai yao nikaondoka.

Ndugu zangu wa milimani mnaojifanya watu wa maji, vaeni rangi zinazopiga kelele, hata mkifanana na kasuku. Bebeni filimbi. Kaeni mbali na njia ya vyombo vikubwa: haviwaoni, na vikiwaona haviwezi kusimama upesi.

Na kama una Chebet wako, msikilize mkiwa bado nchi kavu. Wangu anaposwa Jumamosi na mwanamume wa Silibwet. Nasikia huyo anaogopa hata dimbwi. Mungu ambariki.