Mgonjwa Wangu Yuko Njiani

Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, niliingia duka la dawa za asili pale Miyuji, Dodoma. Mbele yangu alisimama baba mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni, akinong'ona kama anayetoa siri za serikali.

"Mke wangu hapati choo. Tumbo linamnyonga, linajaa gesi."

Muuzaji, mama wa Kirangi, alikuwa ameshachota majani ya sanamaki. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita," alijibu, huku akijishika tumbo lake mwenyewe.

"Choo kina damu?"

Baba akatazama mlango, kisha viatu vyake. "Kidogo. Yaani, ndivyo anavyoniambia."

Mama akayarudisha majani kwenye kopo. "Basi simuuzii. Hii ni ya choo kigumu, siyo ya damu. Kesho aende hospitali. Na wewe umsindikize, baba, usimwache aende peke yake."

"Nitamwambia," akasema, akatoka haraka.

Jamani, wanaume wa Dodoma wana afya! Maradhi yote ya tumbo wamewaachia wake zao. Nilikuwa bado nacheka moyoni zamu yangu ilipofika.

"Shikamoo mama. Nina shangazi yangu hapati choo."

"Marahaba. Na huyo shangazi, choo chake kina damu?"

Nikatazama viatu vyangu.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye benchi la hospitali bila shangazi, jirani na yule baba, ambaye naye alikuja bila mke. Tulisalimiana kwa heshima, na kila mmoja akamweleza mwenzake kwamba mgonjwa wake yuko njiani.